Kushinda Vishawishi vya Kila Siku: Mwongozo Kamili kwa Mkristo Aliyechoka Kuahidi na Kuanguka

Sala ya Baba Yetu kwa Kiswahili ina sura mbili. Waprotestanti husali "usitutie majaribuni", Wakatoliki husali "usitutie katika kishawishi". Nyuma ya maneno hayo mawili kuna neno moja la Kigiriki, peirasmos, lenye maana zote mbili: jaribu linalompima mtu, na mvuto unaomwita atende dhambi. Ila kinachonigusa mimi katika sala hiyo ni wakati wake. Tunaisali kichwa kimetulia, kabla hakijatokea chochote. Hata pale Gethsemane, Yesu aliwaambia wanafunzi, "Kesheni, mwombe, msije mkaingia majaribuni", wakati wenye panga na marungu bado hawajafika. Wakalala. Kabla jogoo hajawika, Petro alikuwa ameapa kwamba hamjui mtu huyo.

Wengi wetu tunapigana vita hivi kinyumenyume. Tunaishi ovyo mchana kutwa, halafu kishawishi kikishatushika koo ndipo tunatafuta nguvu za kiroho. Hapo mtu huwa ameshachelewa, na akianguka hujiona hana imani, kumbe alichokosa ni maandalizi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu saa ambazo kishawishi hakipo. Nazungumzia mambo ya kawaida: ulimi unaowasha kusengenya, uongo mdogo wa kujiokoa, hasira inayomwagiwa watu wa nyumbani, simu mkononi usiku wa manane, fedha isiyo yako iliyopita mikononi mwako, wivu unaochoma ukiona mwenzako amefanikiwa.

Hatua ya kwanza: Jua mahali dhambi inapoanzia

Kujaribiwa si dhambi. Waebrania 4:15 inasema Yesu alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi. Wazo chafu likikupitia kichwani, hujaanguka. Hili si jambo dogo, maana kuna mtego unaowanasa hasa watu wenye dhamiri nyepesi: "Nimeshawaza, basi nimeshakosa, bora nimalizie." Mtu anashitakiwa kwa kosa ambalo hajalitenda, anakubali hatia, kisha anakwenda kulitenda ili lilingane na hukumu.

Yakobo anaeleza kwa mfano wa uzazi. Kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe, "huku akivutwa na kudanganywa". Tamaa ikiisha kuchukua mimba huzaa dhambi, na dhambi ikiisha kukomaa huzaa mauti (Yakobo 1:14-15). Mimba ndipo panapobadilika mambo. Wazo lililobisha hodi si sawa na wazo ulilolifungulia, ukaliandalia kiti, ukaanza kuongea nalo. Ukijikuta umeanza kupanga, "nikipita pale, na kama hayupo mtu…", ujue mgeni ameshakaa.

Hatua ya pili: Weka daftari kwa wiki mbili

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kuliko zote. Chukua daftari dogo. Kila kishawishi kikija, uwe umeshinda au umeshindwa, andika mambo matano: saa ngapi, ulikuwa wapi na nani, mwili wako ulikuwa katika hali gani, nini kilitokea nusu saa kabla, na maneno uliyojiambia ili kujiruhusu. Ukiogopa mtu asilisome, tumia alama zako mwenyewe. Usijihukumu humo. Wewe andika tu, kama mlinzi anayeandika magari yanayoingia na kutoka.

Baada ya wiki mbili utaona mtindo. Mimi nilikuwa na hakika kwamba adui yangu ni usiku. Daftari likanionyesha Jumapili alasiri: nimetoka ibadani, nimehudumu, nimesifiwa, nimechoka, na moyoni nimeanza kuamini kwamba nimefanya ya kutosha, sasa nastahili kujipumzisha kidogo. Miaka yote nilikuwa nikilinda mlango wa mbele huku wa nyuma uko wazi.

Safu ya hali ya mwili usiidharau. Ibilisi alimjia Yesu na habari za mkate baada ya siku 40 za kufunga, alipokuwa na njaa. Eliya, siku aliyoomba afe, alikuwa mtu aliyekimbia mwendo mrefu akiwa na hofu, na Mungu hakuanza kwa mahubiri. Alimlaza, akamwamsha ale, akamlaza tena, akamwamsha ale mara ya pili; mazungumzo yalikuja baadaye (1 Wafalme 19). Vishawishi vingine dawa yake ya kwanza ni kulala mapema.

Safu ya nusu saa kabla nayo ina siri yake. Soma 2 Samweli 11 polepole. Ni wakati wa wafalme kwenda vitani, Daudi amebaki. Jioni anaondoka kitandani, anatembea juu ya dari. Anaona mwanamke anaoga. Anatuma mtu kuuliza habari zake. Anaambiwa waziwazi kwamba ni mke wa Uria. Anatuma wajumbe wamlete. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi angeweza kugeuka, na angalia jinsi kila hatua ilivyozidi kuwa ghali. Kushuka darini kungemgharimu dakika moja. Paulo anaahidi kwamba pamoja na jaribu Mungu atafanya na "mlango wa kutokea" (1 Wakorintho 10:13), na mara nyingi mlango huo uko mwanzoni mwa njia, sisi tukautafuta mwishoni. Daftari linakuonyesha dari yako iko wapi.

Hatua ya tatu: Chimba chini ya kishawishi

Mkate si dhambi. Njaa ya Yesu ilikuwa ya haki, na alichokataa ni kuishibisha kwa njia ya mkato, kwa amri ya Ibilisi. Vishawishi vingi hukaa juu ya haja halali kama kupe juu ya ng'ombe. Jiulize: hapa kwa kweli natafuta nini? Anayesengenya mara nyingi anatafuta kukubalika, maana siri ya mtu ni tiketi ya haraka ya kuingia katika kundi. Anayedanganya kazini anatafuta usalama. Anayefungua picha chafu usiku wa manane huenda ni mpweke au amelemewa, na angependa kusahau kwa robo saa.

Ukishaijua haja, itafutie njia halali, la sivyo utakuwa unafagia nyumba na kuiacha tupu. Yesu alisimulia pepo aliyerudi akaikuta nyumba tupu, imefagiwa na kupambwa, akaenda kuwaleta wenzake saba walio wabaya kuliko yeye (Mathayo 12:43-45). Paulo naye anamwambia mwizi asiibe tena, lakini haishii hapo: afanye kazi kwa mikono yake ili apate kitu cha kumgawia mhitaji (Waefeso 4:28). Mkono uliozoea kuchukua unapewa kazi ya kutoa. Fanya hivyo kwa kishawishi chako. Kama ni upweke wa saa nne usiku, nani unaweza kumpigia saa tatu? Kama ni wivu, je, unaweza kumwombea kwa jina yule unayemwonea wivu, na kumpongeza kwa mdomo wako? Hili la mwisho linauma kweli siku za mwanzo.

Hatua ya nne: Amua kabla ya saa

Danieli "aliazimu moyoni mwake" kabla chakula cha mfalme hakijawekwa mbele yake. Ayubu alifanya agano na macho yake. Wote wawili walikata shauri wakati hakuna harufu ya nyama wala uso mzuri wa kuwachanganya.

Azimio la jumla, kama "nitakuwa mtu bora", halina meno. Liwe na umbo hili: ikitokea hivi, nitafanya vile. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer ametafiti mipango ya aina hiyo kwa miaka mingi, na imeonekana inawasaidia watu kutekeleza nia zao kuliko nia tupu. Mifano:

Mwenzangu akianza kumsema mtu asiyekuwepo, nitauliza, "Umeshaongea naye mwenyewe?" Bosi akiniuliza kazi ambayo sijaimaliza, jibu langu la kwanza litakuwa "bado", maelezo yafuate baadaye. Nikihisi sauti yangu inapanda mbele ya watoto, nitakwenda kunywa maji kwanza. Nikibakiziwa chenji zaidi, nitarudisha hapohapo, kabla sijaanza kuhesabu ingenisaidia nini.

Andika matatu tu, usiandike kumi. Yasome asubuhi pamoja na sala. Na hapo katika sala, mwambie Mungu kishawishi kwa jina lake. "Bwana, nisaidie leo" ni sala njema, lakini "Bwana, saa nane nina kikao na yule mtu anayenichokoza, na nina hamu ya kumwaibisha mbele za wenzake" ni sala inayojua inakokwenda.

Hatua ya tano: Ondoa kuni

"Msiuangalie mwili, hata kuwasha tamaa zake" (Warumi 13:14). Bila kuni moto huzimika, na Mithali 26:20 inasema hivyohivyo kuhusu mchongezi na ugomvi. Pitia daftari, uulize kuni zako ni zipi. Simu ichajiwe nje ya chumba cha kulala. Kama uliitegemea kwa kengele ya asubuhi, nunua saa. Futa programu inayokuangusha, na siyo kuificha katika folda ya ndani, maana uliyeificha ni wewe na njia unaijua. Mwenzi au rafiki aweke nywila ya kizuizi asiyokwambia. Kama fedha za wengine hupita mikononi mwako, omba mwenyewe awepo mtu wa pili wa kuhesabu na kutia sahihi. Atakayekushangaa leo atakushukuru siku hesabu zitakapogoma. Mazungumzo na yule mtu ambayo yameanza kuwa matamu kupita kiasi yahamishie mahali pa wazi, au yakome.

Wapo watakaokwambia kwamba huo ni woga, kwamba mtu wa Roho hapaswi kukimbiakimbia. Waonyeshe Yusufu. Mke wa Potifa alimsemesha siku baada ya siku, naye hakukubali kulala naye "wala akae naye" (Mwanzo 39:10). Alikataa hata kuketi karibu. Siku aliposhikwa alikimbia akaacha vazi, akaingia gerezani kwa uongo wa mwanamke yule, na Biblia haimwiti mwoga.

Hapa pana jambo la kutofautisha. Kuhusu tamaa za ujanani na zinaa, agizo ni kukimbia (2 Timotheo 2:22, 1 Wakorintho 6:18). Kuhusu Ibilisi, agizo ni "mpingeni" (Yakobo 4:7). Vipo vishawishi usivyoweza kuvikimbia: huwezi kuhama nyumba kila mwenzi wako anapokuudhi, wala kuacha kazi kwa sababu ofisini wanasengenya. Hivyo husimamiwa hapohapo, kwa maneno uliyokwisha kuyaandaa. Lakini anayesimama kupimana nguvu na tamaa ya mwili, faragha, usiku, amechagua uwanja ambao Maandiko yamemwambia auhame.

Hatua ya sita: Saa yenyewe ikifika

Kazi ya awali ikifanyika, hapa hapana maneno mengi.

Litaje jambo kwa jina, kwa sauti ikiwezekana: "Hiki ni kishawishi cha kulipiza kisasi." Kishawishi hupenda majina ya kupamba, kama "kumfundisha adabu" au "kupata changu". Kisha sali sala ya pumzi moja. Petro alipoanza kuzama maneno yake yalikuwa mawili, "Bwana, niokoe", akashikwa mkono.

Jibu kwa Neno. Majibu yote matatu ya Yesu jangwani yanatoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8. Kumbuka pia kwamba mjaribu naye alinukuu Zaburi ya 91, kwa hiyo aya iliyong'olewa mahali pake inaweza kutumika kukuangusha. "Mungu ataelewa" ni theolojia ya aina hiyo. Katika karne ya 4, mtawa Evagrius wa Ponto, aliyeishi jangwani Misri, alikusanya mamia ya aya na kuzipanga kwa kufuata mawazo mabaya manane, ili kila wazo lipate jibu lake. Wewe huhitaji mamia. Chagua moja au mbili za tatizo lako uzishike kwa moyo: kwa hasira, Yakobo 1:19-20, kwa ulimi, Zaburi 141:3, "uweke mlinzi kinywani pangu", kwa fedha, Waebrania 13:5, kwa uongo, Waefeso 4:25, kwa husuda, Mithali 14:30.

Halafu ondoka. Simama, toka nje, washa taa, mpigie mtu. Hamu kali hupanda kama wimbi na hushuka, hata usipoitimizia haja yake. Jipe dakika 15, ukiangalia saa. Zikiisha na bado inauma, jipe nyingine 15. Usiahidi kwamba hutafanya tena maisha yako yote. Saa hiyo huna nguvu za kubeba maisha yote.

Hatua ya saba: Awepo mtu mmoja anayejua

Dhambi ya siri hupenda giza, na "ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi" (Yakobo 5:16) si pambo. Desemba 1738 John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, aliandika kanuni za vikundi vidogo vilivyokutana kila wiki, na kati ya maswali ya kuulizana yalikuwamo haya: ni dhambi gani unazozijua umetenda tangu tukutane? Umekutana na vishawishi gani? Uliokolewaje? Swali la pili na la tatu ndiyo hazina. Sisi tukikutana huulizana kuhusu maanguko tu, hatuulizani tulivyoponea.

Chagua mtu wa jinsia yako, aliyekomaa, anayefunga mdomo. Mpe ruhusa ya kukuuliza bila kukuzungukia, siku maalumu, kila wiki. Kwa Mkatoliki kuna kitubio, na siri ya maungamo padre haruhusiwi kuitoa kwa hali yoyote. Mkatoliki anayejua thamani yake hangoji Kwaresima. Jihadhari na kikundi kizima cha maombi. Nimeona siri za watu zikisafiri mbali zikiwa zimevaa kanzu ya "tumwombee ndugu yetu".

Na pale ambapo jambo limekuwa uraibu, yaani pombe, dawa za kulevya, kamari, ponografia isiyokatika kwa miaka, rafiki na sala viende pamoja na mtaalamu. Aliyekunywa sana kwa muda mrefu asiache ghafla peke yake: mwili unaweza kuingia katika mtetemeko na degedege hata kuhatarisha maisha, kwa hiyo amwone daktari kwanza. Vilevile, kama kinachoitwa kishawishi ni mkubwa wako kazini au kanisani anayekulazimisha, hiyo ni dhuluma unayotendewa. Iseme kwa mtu mwenye mamlaka ya kukulinda.

Hatua ya nane: Ukianguka

Kuna methali nzuri, "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga." Ni ya hekima kwa aliyeanza kujenga au kuoa. Kwa aliyeteleza ni sumu, na ndiyo atakayonong'onezwa: umeshaanza, endelea, utatubu yote kwa pamoja Jumapili. Nguo zinavalika tena. Aliyetamka sentensi mbili za umbea anaweza kuikatiza ya tatu. Aliyeituma picha anaweza kuifuta na kuomba radhi kabla ya usiku.

Saa ya kwanza baada ya kuanguka ina uzito kuliko kuanguka kwenyewe. Petro na Yuda wote walimkosea Bwana usiku uleule. Mmoja alilia akabaki karibu na wenzake, mwingine alikwenda peke yake. Basi fanya mambo manne usiku huohuo, usingoje ujisikie msafi. Ungama kwa Mungu kwa jina la kosa, ukisimama juu ya 1 Yohana 1:9. Mwambie yule mtu wako. Rekebisha kinachorekebishika: Zakayo alirudisha mara nne, wewe anza kwa kurudisha kilekile ulichochukua, au kumwendea uliyemchafua jina. Mwisho fungua daftari uandike nusu saa kabla. Hapo ndipo utakapopata dari mpya ambayo hukuijua.

Siku ukishinda, andika pia. Luka anamalizia habari za jangwani kwa kusema Ibilisi "akamwacha kwa muda" (Luka 4:13). Andika tarehe, kilichokusaidia, na kesho yake una ratiba gani.